Kifaransa kwa anayeanza: matamshi kwanza au sarufi kwanza? Na hizi herufi za mwisho mbona hazisomwi?

mgeni_wa_lugha
Wakuu habari zenu. Nimeanza kujifunza Kifaransa mwenyewe kwa app na video za bure, sina mwalimu, na nimefika mahali naona kama natwanga maji kwenye kinu. Shida yangu sio maneno, maneno nakariri vizuri tu, shida ni kwamba ninachosoma na ninachosikia ni vitu viwili tofauti kabisa. Chukua kitenzi parler, kuongea. Kwenye daftari nimeandika je parle, tu parles, il parle, ils parlent, nikimsikiliza yule mama wa kwenye app zote nne anasema "parl" tu mwanzo mwisho. Sasa hizo s na ent zimewekwa za nini kama hakuna anayezisema? Na mtu akiongea haraka nitajuaje nani anafanya kitendo?

Pili, haya mambo ya kiume na kike. Meza ya kike, kitabu cha kiume, na kuna jamaa kwenye video moja anasema kariri tu hakuna kanuni. Kweli hakuna kanuni yoyote?

La mwisho, nianze na kipi, matamshi au sarufi? Kila ninayemuuliza ana lake. Lengo ni kufika A2 (ngazi ya pili, baada ya A1 ya kuanzia kabisa) nifanye mtihani wa DELF, ule wa cheti cha Kifaransa, baadaye nikipata nguvu niendelee. Msinicheke jamani, mi wa kuanzia kabisa.

kobe_mwendo
Haha karibu chamani. Hawa watu wanaandika kama wanalipwa kwa herufi. Neno "eau" yaani maji, lina e, a na u, halafu linatamkwa "o", sauti ambayo haimo kwenye herufi hata moja. Wingi wake eaux, wameongeza x, bado ni "o". Naweka kambi hapa nasubiri wajuzi.

ngeli_ya_saba
Mkuu usikate tamaa, swali lako la kwanza ndo lenyewe, na wewe unayetoka kwenye Kiswahili una faida kubwa ila hakuna anayekuambia kwa sababu kozi nyingi za mtandaoni zimetungwa kwa ajili ya mtu anayetoka kwenye Kiingereza.

Iko hivi. Kifaransa cha kuongea habari zake nyingi zinakaa MBELE ya neno, sio nyuma. Nyuma ni mambo ya karatasi. Le livre, les livres, kitabu na vitabu. Ile s ya livres haitamkwi kabisa, tofauti yote unayoisikia iko kwenye le na les. Sasa niambie, Kiswahili umoja na wingi unausikia wapi? Ki-tabu, vi-tabu. Mbele hukohuko. Anayetoka kwenye Kiingereza anasubiri s mwishoni na haiji, wewe sikio lako limefundishwa kusikiliza mbele tangu unaanza kuongea.

Vitenzi ni hivyohivyo. Husemi "soma" halafu ukategemea mtu abahatishe ni nani anasoma, unasema ninasoma, unasoma, wanasoma. Basi je, tu, il, nous, vous, ils zichukulie kama ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, sio kama mimi, wewe, yeye. Ukizichukulia kama "mimi" utaona kama ni ziada unaweza kuiacha, ukizichukulia kama kiambishi utajua kwamba bila hiyo kitenzi hakijakamilika. Mimi yenyewe wana yao, moi. Moi, je parle: mimi ninaongea. Umeona ilivyokaa?

Kwa vitenzi vya -er sauti ziko tatu tu: parl (je, tu, il, ils, na za kike elle, elles), parlon ya puani (nous), na "parle" yenye e ya kusikika (vous). Na kwenye maongezi ya kawaida nous wanaikwepa wanasema on, on parle, kwa hiyo umebakiwa na mbili. Il parle na ils parlent ni kweli zinafanana sikioni, hapo unategemea maongezi yenyewe yanamhusu nani, ila vitenzi vingi vya kila siku vinajitofautisha: il vient / ils viennent, il finit / ils finissent, il fait / ils font.

Sasa angalia je t'aime. Mwingereza anashangaa te imefuata nini kabla ya kitenzi, sisi tunasema na-KU-penda, ku iko palepale. Je le vois, na-MW-ona. Je vous écoute, na-WA-sikiliza. Halafu son na sa, wengine huwa inawasumbua miezi kwa sababu wamezoea kuangalia mwenye mali ni mwanamume au mwanamke. Sisi tunaangalia mali: kitabu CHake, nyumba YAke. Son livre, sa maison, hesabu ileile, mwenye nyumba awe nani haituhusu. Le livre de Marie ni kitabu cha Marie, mpangilio uleule. Le livre rouge, kitabu chekundu, sifa nyuma (kuna chache zinazotangulia kama petit, grand, bon, beau, jeune, hizo ndo za kukariri). J'ai faim, nina njaa. J'ai soif, nina kiu. J'ai vingt ans, nina miaka ishirini. Anayepitia Kiingereza ataandika je suis vingt ans, yaani yeye ndiye miaka ishirini.

Kwa hiyo daftari lako upande mmoja Kifaransa upande wa pili Kiswahili. Kiingereza kiweke kando.

Tele_pevu
Hapo mwisho sikubaliani. Kwenye sarufi sawa, kwenye msamiati hapana. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikuja na Kifaransa chao na Kiingereza kikabeba maneno kwa maelfu, ndo maana ukikuta nation, important, possible, village kwenye Kifaransa unajua maana bila kufungua kamusi, kazi inabaki kubadilisha matamshi. Huo ni mtaji, mtu hautupi. Cha kuangalia ni yale yanayofanana sura halafu maana mbali: librairie ni duka la vitabu, maktaba ni bibliothèque. Rester ni kubaki. Actuellement ni kwa sasa.

Na ngeli_ya_saba umemficha mwenzio upande ambao Kiswahili hakimsaidii hata kidogo: le, la, un, une, du, de la, des. Sisi tunasema "napenda kahawa, nakunywa kahawa, sinywi kahawa", kahawa ni kahawa. Wao ni j'aime LE café, je bois DU café, je ne bois pas DE café. Kupenda kitu kwa ujumla ni le, kutumia kiasi fulani ni du, ukikanusha inageuka de. Nomino karibu zote zinataka kijineno mbele yake na watu wa lugha zetu ndo hapo tunapojulikana, tunaziacha.

ngeli_ya_saba
Kwenye du na de nakupa pointi mkuu, ile inataka mazoezi tu. Kwenye Kiingereza bado nimeshikilia msimamo wangu, mtu anayeanza akipita njia ya kuzunguka atabeba na makosa ya njiani.

mgeni_wa_lugha
Aisee hii ya mbele na nyuma imenifungua macho, mi nilikuwa nakodolea macho mikia ya maneno. Asanteni sana. Sasa matamshi. R yao siipati, inatoka kama yetu ya rangi, na zile za puani zote nasikia "ong" tu. Mwenye namna ya kunielekeza kwa maandishi, kwa sauti za Kiswahili, naomba.

bi_matamshi
Mdogo wangu, nafundisha wanaoanza na hizi sauti ndo chakula changu cha kila siku, ngoja nikuelekeze.

R usiitafute kwenye r. Itafute kwenye GH. Sema ghali, ghorofa, lugha, lakini gh ya kweli, sio ya wale wanaosema "gali" na "luga". Sauti ile ndo jirani kabisa wa r ya Kifaransa, yao inatoka nyuma kidogo zaidi kooni na ni nyepesi. Rouge anza kama unasema "ghu". Ikitanguliwa na p, t au k inakuwa kavu kama KH ya kheri: très, trois, crème. Ulimi wako ncha yake ilale chini nyuma ya meno, ukiinuka tu umerudi kwenye rangi. Ila nikutoe wasiwasi, ukitumia r yetu wanakuelewa vizuri na kuna Wafaransa wazee wa vijijini wanaongea nayo, kwa hiyo usiipe kipaumbele cha kwanza.

Cha kwanza ni U na OU, hizi zinabadilisha maana. OU ni u yetu, huna kazi. U yenyewe (tu, rue, dessus) sema "iiii" kwa muda, ulimi usisogee hata kidogo, halafu viringisha midomo kama unapiga mluzi. Inayotoka hapo ndo yenyewe. Wanafunzi wanakosea wanasogeza ulimi pamoja na midomo, inaangukia u. Jipime na dessus (juu ya) na dessous (chini ya), ukichanganya hizo mtu atatafuta funguo zake mahali sipo. Kwa namna hiyohiyo ile ya deux, peu, bleu: sema "e" usiiachie, viringisha midomo.

Za puani. Kosa la Waswahili wote ni kufunga mwishoni, tunasema "bon" na n kamili au "bong" kama ng'ombe. N pale haitamkwi, ni alama tu inayokuambia irabu iliyotangulia ipitie puani. Sema "o", huku unaisema acha hewa ipite puani, ulimi usiguse popote juu. Ukimaliza mdomo uko wazi. Zoezi la walimu wote ni maneno manne haya: un bon vin blanc. Un, on, in, an. Wafaransa wengi siku hizi, hasa Paris na kaskazini, un na in wanazitamka sawa, kwa hiyo ukipata tatu safi imetosha. Halafu linganisha bon na bonne: n ikirudiwa na kufuatiwa na e, puani hakuna tena, unatamka n kawaida, "bon" ya kufunga kabisa. Ndo maana nakuambia ukimtamka bon na n umeshambadilisha kuwa mwanamke!

Herufi za mwisho sasa. Konsonanti ya mwisho kwa kawaida inakaa kimya: petit ni "peti", grand, beaucoup, trop. Zinazosikika mara nyingi ni c, r, f na l: avec, hiver, neuf, avril. R ya vitenzi vya -er iko kimya (parler ni "parle"), na kuna wakorofi kama blanc na gentil. Ikifuatwa na e, konsonanti inaamka: petite ni "petit" yenye t. Kwa hiyo e ya mwisho yenyewe haisemwi ila imemwamsha jirani. Na sisi neno likiishia konsonanti lazima tulibebeshe irabu, avec inakuwa "aveki", table inakuwa "tabulu". Likate. Liache wazi hivyohivyo hata kama masikio yako yanaona halijaisha.

Na mkazo. Kiswahili mkazo uko silabi ya pili toka mwisho, kiTAbu, mwaLImu. Kifaransa uko silabi ya mwisho ya fungu la maneno, téléPHONE, je parle franÇAIS. Hii hakuna anayeisema kwenye video za wanaoanza na ndiyo inayofanya Kifaransa chetu kisikike kama Kiswahili kilichovaa koti. Rekodi sauti yako kwenye simu, cheza na ya kwao, linganisha.

kobe_mwendo
Nimejaribu ile ya "iii" na midomo ya mluzi hapa watu wamenigeukia.

Mi naongeza moja ya kuchekesha wanayopenda kuwapa wanafunzi: les poules du couvent couvent. Kuku wa kwenye nyumba ya watawa wanaatamia. Couvent ya kwanza ni nomino inaishia na "an" ya puani, ya pili ni kitenzi cha wingi, ent yake ni bubu, "kuv". Herufi zilezile, zimekaa bega kwa bega.

karatasi_na_kalamu
Naona swali la kiume na kike limerukwa. Huyo wa kwenye video amekudanganya mgeni, kanuni zipo, sio za asilimia mia lakini zinabeba sehemu kubwa. Angalia mwisho wa neno. Yanayoishia -tion na -sion ni ya kike, la nation, la télévision. -té ya majina ya dhana kike, la liberté, la beauté. -ette, -ence, -ure mara nyingi kike. Upande wa kiume kuna -ment (le gouvernement), -isme, -eau (le bureau, le bateau, isipokuwa l'eau na la peau), na -age, le village, le voyage, ila hapo ujihadhari na la page, la plage, la cage, une image.

Usikariri table. Kariri une table, neno na kijineno chake kwa pumzi moja. Un na une ni bora kuliko le na la kwa sababu neno likianza na irabu le na la zote zinakuwa l', l'image, hapo jinsia imejificha.

Na kama unajua ngeli hii haitakutisha. Kiti kirefu kile kimevunjika, sifa, kionyeshi na kitenzi vyote vimemfuata kiti, kazi ambayo sisi tunaifanya usingizini kwa ngeli kibao wao wana mbili tu. Tofauti moja kubwa: Kiswahili kiumbe hai anavunja kanuni, tunasema kiongozi mzuri, kijana mrefu, hatusemi kijana kirefu. Kifaransa hawana huruma hiyo. Une personne ni ya kike hata ukimzungumzia baba mwenye ndevu, une victime vilevile, na sifa zinafuata kike.

mgeni_wa_lugha
Baba mwenye ndevu wa kike, sawa nimeelewa 😂. Sasa nani ananijibu la tatu, nianze na kipi? Na DELF yenyewe ikoje?

bi_matamshi
Matamshi kwanza, lakini namaanisha mwanzoni tu, ujue herufi gani zikikutana zinatoa sauti gani: oi ni "wa", ch ni "sh", gn ni "ny" ya nyumba, qu ni "k", au na eau ni "o", s katikati ya irabu ni "z" (poison ni sumu, poisson ni samaki, usiagize vibaya). J ndo hatuna, sema "sh" ukiwa umeweka mkono kooni halafu utetemeshe koo. Kusoma Kifaransa ukizijua hizo sio kugumu, neno jipya utalitamka sahihi mara nyingi kabla hata hujui maana. Kuandika unachosikia ndo kazi, na hiyo hata wenyewe inawatoa jasho, shuleni wana zoezi la imla mpaka wakubwa.

Baada ya hapo vitu viende pamoja. Vitenzi être (kuwa), avoir (kuwa na), aller (kwenda), faire (kufanya) uvijue kama jina lako. Aller itakupa wakati ujao bure: je vais manger, nitakula. Avoir itakupa wakati uliopita: j'ai mangé. Vichache vya kwenda, kuja, kuzaliwa, kufa vinatumia être: je suis allé, il est né. Ukiwa na hizo nyakati tatu A1 unaongea, mengine yanasubiri. Na tu na vous usizichezee, mtu usiyemjua au mkubwa ni vous hata akiwa peke yake.

DELF ina sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, kila moja alama 25, jumla 100. Unafaulu kwa 50 lakini sehemu yoyote ukipata chini ya 5 umeanguka hata kama jumla iko juu, ndo maana nasema usikimbie kuongea. Cheti hakiishi muda. A1 na A2 ni mitihani miwili tofauti, sio lazima ufanye A1 kabla ya A2. Mazoezi ya bure ya kusikiliza yapo ya TV5MONDE (televisheni) na RFI (redio), yamepangwa kwa ngazi.

Tele_pevu
Na namba umwambie mapema asizimie mtihanini. 70 ni soixante-dix, sitini na kumi. 80 ni quatre-vingts, ishirini mara nne. 97 ni quatre-vingt-dix-sept, ishirini nne na kumi na saba. Ubelgiji, Uswisi na Kongo wanasema septante na nonante wanamaliza, lakini kwenye sauti za mtihani jiandae kwa zile za Ufaransa. Namba za simu wanazitaja mbilimbili, ndo wanapomalizia watu.

mgeni_wa_lugha
Asanteni wote, nimenakili kila kitu. Moja tu imebaki. Nasikia "ilzon" na nyingine "ilson", hizo ni kitu kimoja au masikio yangu?

ngeli_ya_saba
Masikio yako yameanza kufanya kazi mkuu. Ni mbili tofauti. Ils ont, wana (toka avoir), ile s ya ils imekutana na irabu ikaamka, na ikiamka inakuwa z. Ils sont, wao ni au wako (toka être), pale s ya ils imelala, unayoisikia ni s ya sont yenyewe. Hiyo ya kuamka ndo wanaita liaison: les amis "lezami", vous avez "vuzave", nous avons. Baada ya et hakuna kabisa, na kuna maneno yenye h ambayo yanakataa, les héros usiunganishe, ukiunganisha umesema les zéros, umewaita mashujaa sifuri.

Chukua ils ont faim na ils sont là, ziseme zikipishana, ukishaweza kuzitofautisha bila kuangalia karatasi rudi hapa tukupe za elles.